Utepe wa nahodha na safari ya beki: Funzo la 1987 kwa vijana wa Bondo

JUA linapoanza kuteremka upande wa Ziwa Victoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe, viwanja vya shule na vya ufuoni katika eneo la Bondo, kaunti ya Siaya, hujaa vijana wanaosakata kabumbu. Timu zinapogawanywa, karibu kila mmoja hutaka kucheza mbele. Anayetumwa nyuma kulinda lango huhisi ameadhibiwa.

Mtazamo huo umeenea kote nchini na una sababu zake. Mfungaji wa bao ndiye hubebwa mabegani na jina lake ndilo hutangazwa redioni. Beki hukumbukwa siku aliyokosea. Hata hivyo, historia ya soka ya Kenya inaonyesha kwamba taji kubwa zaidi kuwahi kutwaliwa na klabu ya humu nchini lilipokewa na beki, na kwamba kwa miaka mingi timu ya taifa na klabu kubwa za ukanda huu zimekuwa zikiwakabidhi walinzi utepe wa unahodha.

Makala haya yanaeleza kwa nini hali iko hivyo, safari ya beki anayelipwa huwa vipi, na ni mambo gani mzazi, mwalimu au kocha wa kijijini anapaswa kuyafahamu kabla kijana hajatia saini mkataba wake wa kwanza.

Bondo na Gor Mahia

Haiwezekani kuzungumzia soka Bondo bila kuitaja Gor Mahia. Bondo ndiko nyumbani kwa Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya, ambaye katika miaka ya 1950 aliwahi kuwa Ker, yaani kiongozi mkuu, wa chama cha Luo Union. Timu zilizobeba jina la jamii hiyo ndizo zilizozaa Gor Mahia mnamo Februari 1968, pale Luo Union na Luo Stars zilipoungana. Mwanawe Jaramogi, Raila Odinga, alikuwa mlezi wa klabu hiyo kwa miaka mingi hadi alipofariki Oktoba 2025 na kuzikwa Kang'o ka Jaramogi, papo hapo Bondo.

Klabu hiyo, ambayo mashabiki huiita K'Ogalo, ilitwaa ubingwa wa ligi katika mwaka wake wa kwanza. Mnamo 1976 ilimaliza ligi bila kushindwa, ikarudia ufanisi huo mwaka 2015, na kufikia 2024 ilikuwa imetwaa ligi ya Kenya mara 21. Lakini ukiwauliza wazee wa ufuoni ni siku gani wasiyoweza kuisahau, wengi hawatataja ligi. Watataja Desemba 5, 1987.

Kidonda cha 1979

Ili kuielewa siku hiyo, ni lazima kurudi nyuma miaka minane. Mwaka 1979, Gor Mahia ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, mashindano yaliyozikutanisha timu zilizotwaa vikombe vya mataifa yao. Wapinzani walikuwa Canon Yaoundé ya Cameroon, moja kati ya klabu kali zaidi barani wakati huo.

Mkondo wa kwanza ulipigwa Nairobi na Gor ikalala 2-0. Katika mkondo wa pili mjini Yaoundé, Wakenya walizabwa 6-0. Jumla ikawa mabao manane kwa nunge. Kufika fainali kulikuwa fahari, lakini matokeo hayo yaliacha kidonda. Yalionyesha kwamba washambuliaji wanaweza kuifikisha timu fainali, ila safu ya ulinzi isiyo imara haiwezi kuiletea kombe.

Kombe laja Nairobi

Miaka minane baadaye Gor ilirejea katika fainali ya mashindano yayo hayo, ambayo Wakenya wamezoea kuyaita Kombe la Mandela. Kocha alikuwa Jack Johnson. Kikosini mlikuwa na majina ambayo mashabiki wa rika hilo bado huyataja kama wanaotaja ndugu zao: Peter Dawo, Abbas Magongo, Tobias Ocholla, Sammy Onyango 'Jogoo' na George Onyango 'Fundi'. Nahodha alikuwa beki wa kati, Austin Oduor, ambaye mashabiki walimpachika jina la 'Makamu'. Pamoja na jina hilo, uwanjani yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa msafara.

Wapinzani walikuwa Espérance ya Tunis. Katika mkondo wa kwanza nchini Tunisia, timu hizo zilitoka sare ya 2-2. Hapo ndipo kanuni ya bao la ugenini ilipoingia.

Kanuni hiyo, iliyoanza kutumika Ulaya katikati ya miaka ya 1960, ilisema kwamba jumla ya mabao ikilingana baada ya mikondo miwili, timu iliyofunga mabao mengi zaidi ugenini ndiyo mshindi. Kwa kuwa Gor ilikuwa imefunga mawili Tunis, hesabu ya Nairobi ilikuwa hivi: sare tasa au ya 1-1 ingewapa Wakenya kombe. Sare ya 2-2 ingelinganisha kila kitu. Sare ya 3-3 ingewapa Watunisia ushindi, sawa na kichapo cha aina yoyote.

Kwa maneno mengine, beki ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kombe. Kila dakika ambayo lango la Gor lilibaki salama ilikuwa na thamani ya bao.

Mkondo wa pili ulichezwa Nairobi Desemba 5, 1987. Dawo aliifungia Gor, Espérance nao wakapata bao lao. Matokeo yalipokuwa 1-1, bao moja tu la Watunisia lingetosha kuwanyang'anya wenyeji kombe mbele ya watu wao. Halikuja. Kipenga cha mwisho kilipopulizwa, jumla ilikuwa 3-3, mabao ya ugenini yakaamua, na Oduor akapokea kombe.

Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya, Tanzania au Uganda iliyotwaa taji la klabu la Shirikisho la Soka Afrika (CAF). Mashindano yenyewe hayapo tena. Yalichezwa kwa mara ya mwisho mwaka 2003, kisha yakaunganishwa na Kombe la CAF na kuzaa Kombe la Shirikisho kuanzia 2004.

Waliokaribia wakakosa

Ugumu wa kazi iliyofanywa na kina Oduor huonekana vyema ukiwatazama waliopita njia hiyo hiyo wakateleza.

Mwaka 1994, Kenya Breweries, ambayo leo ni Tusker, ilifika fainali ya kombe lilo hilo dhidi ya DC Motema Pembe ya Zaire, sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Mkondo wa kwanza mjini Kinshasa uliisha 2-2, matokeo yale yale ambayo Gor iliyapata Tunis. Hesabu ya Nairobi ilikuwa ile ile pia, sare tasa au ya 1-1. Breweries ikafungwa 3-0 nyumbani. Timu mbili za Kenya zilirudi nyumbani zikiwa na matokeo sawa ya ugenini; moja ikabeba kombe, nyingine ikabaki na simulizi.

SC Villa ya Uganda ilishindwa na Club Africain ya Tunisia katika fainali ya klabu bingwa mwaka 1991. Simba ya Tanzania ilikosa Kombe la CAF mwaka 1993 mbele ya Stella ya Abidjan. Mwaka 2023, Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger jijini Dar es Salaam katika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikaenda Algiers na kushinda 1-0, lakini ikapoteza taji kwa kanuni ile ile ya bao la ugenini iliyoipa Gor ushindi. Mei 2025, Simba nayo ilifika fainali hiyo. Ililala 2-0 kwa RS Berkane nchini Morocco, kisha ikatoka sare ya 1-1 Zanzibar.

Jambo moja linaziunganisha timu hizo mbili za Tanzania na Gor ya 1987. Nahodha wa Yanga wakati huo, Bakari Mwamnyeto, ni beki. Mohamed Hussein 'Tshabalala', aliyekuwa nahodha wa Simba, naye ni beki. Hilo si jambo la bahati nasibu.

Kwa nini utepe huenda nyuma

Neno nahodha lilitoka baharini kabla ya kuingia uwanjani. Ni mkuu wa chombo, yule anayesoma upepo na kuamua tanga lipandishwe au lishushwe. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Uwanjani vilevile, wachezaji kumi na mmoja wakitoa amri kwa pamoja, hakuna anayesikia.

Sababu ya kwanza ya kumpa beki wa kati kazi hiyo ni mahali anaposimama. Fowadi hutumia muda mwingi akiwa amelipa mgongo lango la mpinzani au akipambana na mabeki wawili. Haoni kinachotendeka nyuma yake. Kipa huona kila kitu, lakini yuko mbali na mwamuzi na mbali na wenzake wa mbele. Beki wa kati ana wachezaji karibu wote mbele ya macho yake, na sauti yake inafika.

Sababu ya pili ni asili ya kazi yenyewe. Ulinzi ni kazi ya kupangana. Mtego wa kuotea hauwezi kufanywa na mtu mmoja. Ni lazima mabeki wote wanne wasonge mbele kwa wakati mmoja, na mmoja wao ndiye atoe ishara. Akichelewa mmoja kwa hatua moja, mpinzani yuko peke yake na kipa. Anayetoa ishara hiyo kila dakika tayari ni kiongozi, awe amevaa utepe au hajavaa.

Sababu ya tatu ni umri. Kasi hupungua mapema kuliko akili ya mchezo. Winga hutegemea miguu, na miaka ikisonga hubadilishwa. Beki wa kati anayejua kusoma mchezo huweza kuendelea hadi katikati ya miaka ya thelathini, hivyo mara nyingi ndiye mzee wa chumba cha kubadilishia nguo.

Sheria za soka zenyewe hazimpi nahodha upendeleo wowote. Zinasema hana hadhi maalumu, bali ana kiasi fulani cha wajibu kuhusu mwenendo wa timu yake. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni wajibu huo umeongezwa uzito. Katika fainali za Ulaya za 2024, waamuzi waliagizwa kuzungumza na nahodha pekee kuhusu maamuzi makubwa, na mchezaji mwingine aliyewaendea kwa fujo alionyeshwa kadi ya njano. Iwapo nahodha ni kipa, timu iliteua mchezaji wa ndani ya uwanja wa kumwakilisha. Nahodha asiyeweza kuzuia hasira yake leo ni hasara kwa timu nzima.

Kazi iliyobadilika

Kijana anayetaka kuwa beki leo hafanyi kazi ile ile aliyoifanya Oduor. Mwaka 1987, beki aliyebanwa aliweza kumrudishia kipa mpira kwa mguu, na kipa akaudaka kwa mikono. Kanuni hiyo ilibadilishwa mwaka 1992. Tangu hapo, mpira unaorudishwa kwa mguu kwa makusudi hauwezi kushikwa na kipa. Mabadiliko hayo yalimlazimisha beki kujifunza kupiga pasi akiwa amebanwa, na leo makocha wengi hutaka mashambulizi yaanzie kwake.

Kwa hiyo kocha wa shule anayemweka nyuma mvulana mwenye nguvu lakini asiyejua kumiliki mpira anamfunza soka ya zamani. Beki wa sasa anahitaji miguu yote miwili, macho ya kiungo na subira.

Safari ya Musa Otieno

Mfano bora wa Mkenya aliyeifanya kazi hiyo kuwa ajira ya kudumu ni Musa Otieno. Baada ya kucheza nchini, beki huyo alihamia Santos ya Cape Town, Afrika Kusini, mwishoni mwa miaka ya 1990 na akaitumikia klabu hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Alikuwa katika klabu hiyo ilipotwaa ubingwa wa Afrika Kusini msimu wa 2001/2002.

Kwa timu ya taifa, Otieno alikuwa nahodha Kenya iliposhiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia mwaka 2004 chini ya kocha Jacob 'Ghost' Mulee. Harambee Stars ilifungwa 3-1 na Mali na 3-0 na Senegal, kisha ikaitandika Burkina Faso 3-0. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Kenya katika historia ya fainali hizo.

Miezi michache baadaye Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) liliifungia Kenya kwa sababu ya migogoro ya uongozi. Marufuku nyingine ilifuata Oktoba 2006, na nyingine tena kati ya Februari na Novemba 2022. Kwa shabiki, marufuku ni habari ya gazetini. Kwa beki wa miaka 28, ni mechi za kimataifa ambazo hatazicheza tena, na ni maajenti na makocha ambao hawatamwona.

Otieno alistaafu akiwa miongoni mwa wachezaji walioichezea Kenya mara nyingi zaidi, akaingia katika ukocha na kazi ya kukuza vipaji shuleni. Kudumu kwake katika klabu moja kunafunza jambo ambalo vijana hulisahau: thamani ya beki huongezeka anapotegemewa msimu baada ya msimu.

Njia hiyo ya kusini imefuatwa na wengine. Musa Mohammed na Haron Shakava, wote mabeki, walivaa utepe wa Gor Mahia kabla ya kutafuta riziki nje, akiwemo Mohammed aliyecheza Albania katika KF Tirana. Joash Onyango alitoka Gor akajiunga na Simba mwaka 2020 na kutwaa ubingwa wa Tanzania. Brian Mandela Onyango alianzia Afrika Kusini katika Santos, akaenda Maritzburg United, kisha Mamelodi Sundowns.

Kisa cha Mandela kinaonyesha pia upande wa pili. Mwaka 2019, Harambee Stars ilipokuwa kambini Ufaransa ikijiandaa kwa fainali za Afrika nchini Misri, aliumia goti mazoezini. Fainali ambazo Kenya ilizisubiri kwa miaka 15 zikampita siku chache kabla hazijaanza. Alirejea na kusajiliwa na Sundowns mwaka uliofuata, lakini si kila beki aliyeumia goti huwa na klabu ya kumgharamia tiba.

Jina lisilozeeka

Oduor mwenyewe aliacha soka, lakini jina la ukoo wake halikutoka uwanjani. Nduguye, Mike Okoth Origi, alikuwa mshambuliaji wa Harambee Stars aliyekwenda Ubelgiji na kuchezea Oostende na Genk. Mwanawe Oduor, Arnold Origi, alikuwa kipa wa timu ya taifa na alicheza kwa miaka mingi Norway. Mwana wa Okoth, Divock Origi, aliifungia Liverpool bao la pili katika fainali ya klabu bingwa Ulaya dhidi ya Tottenham mjini Madrid, Juni 1, 2019.

Dunia nzima iliona bao hilo. Wachache nje ya Kenya walijua kwamba miaka 32 kabla yake, ami yake mfungaji alikuwa amepokea kombe la bara lake akiwa beki.

Pesa zinazopotea

Hapa ndipo mzazi na mwalimu wa Bondo wanapopaswa kusikiliza kwa makini. Kanuni za FIFA zinatambua kwamba mchezaji hakuzaliwa akiwa tayari, na zimeweka malipo kwa waliomlea.

Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla ya mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa klabu zilizomfunza kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 una thamani ya asilimia 0.25, na kila mwaka kati ya 16 na 23 una asilimia 0.5. Tuseme beki amenunuliwa kwa Sh10 milioni, na klabu ya mtaani ilikuwa naye alipokuwa na miaka 16, 17 na 18. Klabu hiyo ina haki ya asilimia 1.5, yaani Sh150,000. Kwa timu inayochangisha pesa za jezi ufuoni, hicho si kiasi kidogo, na hulipwa tena kila anapouzwa katika hali hiyo.

Mbali na hayo kuna fidia ya mafunzo, inayolipwa mchezaji anapotia saini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine, na anapohama hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23.

Tatizo ni kumbukumbu. Haki hiyo ni ya klabu iliyosajiliwa na shirikisho la nchi, na ni lazima mchezaji awe ameandikishwa kwa jina lake na tarehe sahihi. Katika ukanda wa ziwa, vijana wengi hulelewa na timu za shule na timu za vijiji ambazo hazina usajili wowote. Tangu Novemba 2022, FIFA hupitisha malipo hayo katika mfumo unaotumia pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, inayoonyesha kila klabu aliyowahi kuandikishwa. Mwaka ambao haukuandikwa ni mwaka ambao haukuwapo. Klabu ndogo inayotaka haki yake haina budi kuanza na daftari.

Kabla ya kutia saini

Yapo mambo mengine manne ya msingi.

Kwanza, mchezaji wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamishwa kwenda klabu ya nchi nyingine, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na kanuni. Mtu anayemwambia mzazi kwamba atampeleka mtoto wa miaka 15 Ulaya au ughaibuni kwingine akacheze soka, na kumtaka atoe pesa za safari, hastahili kusikilizwa.

Pili, ajenti ni lazima awe na leseni ya FIFA. Mtihani wa kwanza chini ya kanuni mpya ulifanyika Aprili 2023, na majina ya wenye leseni yanaweza kutazamwa na yeyote.

Tatu, mkataba hauwezi kuzidi miaka 5, na hauwezi kuwa mfupi kuliko muda uliobaki hadi msimu uishe. Kijana asitie saini karatasi asiyoachiwa nakala yake.

Nne, mshahara usiolipwa una dawa. Klabu ikikosa kulipa mishahara ya miezi miwili kinyume cha sheria, mchezaji anaweza kuiandikia notisi ya angalau siku 15, na isipolipa ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Suala hili si la kufikirika. Kampuni ya SportPesa ilipositisha udhamini wake nchini mwaka 2019, klabu kubwa zilitaabika kulipa wachezaji, na nahodha ndiye aliyelazimika kusimama kati ya wenzake wenye njaa na viongozi wasio na majibu. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi ya aliyevaa utepe, ingawa haionekani kwenye runinga.

Macho kwa 2027

Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja fainali za CHAN, za wachezaji wanaosakata soka katika ligi za nyumbani. Harambee Stars ya kocha Benni McCarthy ilizifunga DR Congo, Morocco na Zambia 1-0 kila moja, na dhidi ya Morocco ilicheza kipindi kizima cha pili ikiwa na wachezaji 10. Iling'olewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali. Katika mechi tano haikufungwa zaidi ya bao moja katika mechi yoyote ndani ya muda wa kucheza. Nahodha wake alikuwa beki, Abud Omar.

Nchi hizo tatu ndizo zilizopewa pia uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Mvulana wa Bondo ambaye leo ana miaka 16 hatachezea timu hiyo, lakini anaweza kuwa na umri wa kufaa fainali zitakazofuata, iwapo jina lake litaandikwa mahali panapostahili, goti lake litatunzwa, na mkataba wake utasomwa na mtu anayeuelewa.

Na jioni timu zinapogawanywa katika kiwanja cha vumbi, akiambiwa arudi nyuma, ana sababu ya kutonuna. Kombe la 1987 lilipokewa na aliyecheza hapo.